NANI KATUNGA, NANI KATENGENEZA? MAJINA YALIYO NYUMA YA JALADA LA SANTURI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa. Yanachapishwa kwa ombi la mkutano.)



Desturi ya mkutano wetu ni kwamba mzungumzaji hueleza habari za maendeleo ya wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, au huwaasa vijana juu ya masomo. Mimi nimeomba ruhusa nizungumzie muziki. Najua wapo watakaonong'ona kwamba mtumishi wa serikali aliyesomeshwa hadi Chuo Kikuu amekosa la kusema. Nawaomba subira. Jambo hili ni la muziki kwa nje tu. Kwa ndani ni jambo la haki, tena linahusu uamuzi ambao mkutano huu utaufanya leo kabla jua halijatua.

Mnafahamu kwamba kamati yetu imependekeza turekodi nyimbo kumi, tuziuze, na fedha itakayopatikana isaidie maktaba ya shule. Nyimbo sita ni za kwaya ya shule, na mojawapo imetungwa na kijana wa kidato cha tatu aliyemo humu ukumbini. Tatu ni za litungu, zitapigwa na mzee wa kijiji jirani pamoja na wenzake. Moja ni ya nyatiti. Pendekezo ni zuri na ninaliunga mkono. Lakini katika karatasi tuliyogawiwa, mahali pa jina la mtunzi pameandikwa maneno mafupi tu: kwa zile sita, "Kwaya ya Shule", kwa zile nne, "Nyimbo za asili". Maneno hayo machache ndiyo yaliyonisimamisha hapa.

Maana ya majina hayo

Ndugu zangu, sisi tunaofanya kazi maofisini tunajua kwamba dokezo lisilo na sahihi wala tarehe halina nguvu. Likipotea halidaiwi, na likileta sifa, kila mtu atasema ni lake. Nyuma ya jalada la santuri yapo maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi. Yanafanya kazi ileile ya sahihi kwenye dokezo. Yanasema nani ametunga maneno na sauti, nani amepanga vyombo, nani ameimba na kupiga, nani alikuwa mtayarishaji, na nani alikuwa fundi wa mitambo.

Watu hawa si mtu mmoja, na haki zao si moja. Mtunzi analipwa kila wimbo unapouzwa au kupigwa hadharani, hata kama ameimba mwingine. Malipo hayo ndiyo huitwa mirabaha. Mwimbaji na mpigaji wana haki juu ya sauti yao iliyonaswa. Mtayarishaji ndiye anayesimamia kazi yote studioni: huamua wimbo urudiwe mara ngapi, sauti ipi iwe mbele na ipi nyuma, na lini waseme sasa imetosha. Santuri mbili za wimbo mmoja, zilizosimamiwa na watayarishaji wawili, huweza kutofautiana kama ugali wa mtama na ugali wa muhogo.

Kijana wa Zanzibar

Nitoe mfano wa santuri moja mashuhuri ya muziki wa roki, nao una mkono wa mtu aliyezaliwa kwetu. Tarehe 5 Septemba 1946, mjini Zanzibar, alizaliwa mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya wakati ule. Mtoto alisomeshwa India, akarejea Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, aliondoka na wazazi wake kwenda Uingereza. Huko ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen.

Mwezi Novemba 1975 Queen walitoa albamu iitwayo A Night at the Opera. Ina nyimbo 12, na bendi ilikuwa na watu wanne. Mtu asiyesoma maandishi madogo angedhani kwamba mwimbaji wa mbele ndiye mtunzi wa zote. Sivyo. Mercury ametunga 5, pamoja na ule maarufu kuliko zote, Bohemian Rhapsody. Mpiga gitaa Brian May ametunga 4. Mpiga ngoma Roger Taylor ametunga 1. Mpiga gitaa la besi John Deacon, mtu mkimya ambaye hakuwa mwimbaji, ametunga 1, nao ni You're My Best Friend, ambao ulipendwa sana. Hapo zimetimia 11.

Wa 12 ndio ninaotaka muushike. Ni wimbo wa taifa wa Uingereza, uliopigwa kwa magitaa. Wimbo huo ni wa zamani sana, hakuna mtu hai wa kuudai. Hata hivyo hawakuandika "wimbo wa asili" wakaishia hapo. Waliandika kwamba ni wa jadi, na aliyeupanga ni May. Yaani walitenganisha kilichokuwa cha wote na kazi aliyoiongeza mtu mmoja kwa mikono yake. Mtayarishaji wa albamu yote ameandikwa Roy Thomas Baker pamoja na Queen wenyewe, na fundi wa mitambo Mike Stone naye ametajwa. Ilikuwa haki. Katika Bohemian Rhapsody sauti za watu watatu zilirudiwa na kupandanishwa juu ya utepe mara nyingi mno, hata zikasikika kama kwaya nzima. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtunzi peke yake.

Msidhani kwamba kuandika majina kulimaliza ugomvi. Bohemian Rhapsody ilipotolewa kwa sahani ndogo, upande wa pili uliwekwa wimbo wa Taylor. Sahani hiyo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kununua upande mmoja akauacha mwingine, mtunzi wa upande wa pili alipata mirabaha ya mauzo sawasawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Jambo hilo lilileta manung'uniko ya miaka mingi kati ya wenzi wale. Dawa waliyoipata baadaye ilikuwa makubaliano. Albamu yao The Miracle ilipotoka mwaka 1989, nyimbo zote zilipewa jina moja la mtunzi, Queen, na haki zikawa za wote wanne.

Basi hapo tunazo njia mbili za halali. Ya kwanza ni kila mtu kuandikwa kwa alichotunga. Ya pili ni wote kuandikwa pamoja, kwa hiari yao wenyewe baada ya kukaa na kupatana. Pendekezo letu halimo katika njia hizi mbili. Hatukumwuliza mzee wa litungu, wala hatukumwuliza kijana wa kidato cha tatu. Tumewaandikia sisi.

Simba aliyeondolewa jina

Mkidhani nakuza jambo dogo, sikilizeni habari ya simba. Mwaka 1939 mjini Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda aliingia studio na wenzake wakarekodi wimbo uitwao Mbube, maana yake simba. Alilipwa shilingi 10. Baada ya miaka kadhaa sahani hiyo ilifika Marekani. Kundi la The Weavers liliuimba kwa jina la Wimoweh, na mahali pa mtunzi paliandikwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwapo. Lilikuwa jina la kubuni ambalo kundi lile lilitumia kwa nyimbo zilizodhaniwa kuwa za jadi. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliuimba tena kwa maneno ya Kiingereza, na majina mengine matatu ya Wamarekani yakaandikwa. Mwaka 1994 wimbo uliingia katika filamu ya The Lion King, ambayo mazingira yake yanatukumbusha mbuga zetu hizi za Serengeti.

Na Linda? Alifariki mwaka 1962, maskini. Binti zake waliishi katika shida huku wimbo wa baba yao ukiimbwa dunia nzima. Ilibidi kesi ifunguliwe mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia mapatano ya kulipwa. Miaka 67 ilipita tangu ile siku ya shilingi 10. Yote hayo yalianza na mtu mmoja aliyedhani kwamba wimbo wa Kiafrika hauna mwenyewe.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao wimbo Malaika. Jina lililotambuliwa zaidi kuwa la mtunzi ni la Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi mapema katika miaka ya 1960. Lakini Adam Salim, aliyezaliwa Tanganyika, naye alidai ni wake tangu miaka ya 1940, na wapo wengine waliodai. Miriam Makeba aliuimba, na mwaka 1981 Boney M waliuimba Ulaya. Ubishi haukukatwa, na wahusika wengi wamekwisha fariki. Siwezi kumhukumu yeyote. Ninachosema ni kwamba karatasi moja yenye tarehe na sahihi, iliyoandikwa mapema, ingalitosha kuwaondolea wote fedheha.

Linganisheni na Jambo Bwana, wimbo ambao watalii wanaopita lango la Ikoma huupenda sana. Wengi wao hudhani ni wimbo wa asili. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, na ulitoka mwaka 1982. Jina limeandikwa, kwa hiyo mwenye mali anajulikana hata kama mgeni hamjui.

Nyumbani kwetu

Kuna hoja ambayo nimeisikia kwa wajumbe wa kamati, nao ni watu ninaowaheshimu. Wanasema: muziki wetu ni mali ya jamii, na kuanza kuandika majina ya watu mmoja mmoja ni kuiga ubinafsi wa Wazungu. Wanataja bendi zetu za zamani. Ni kweli kwamba NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa vya chama na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Ni kweli kwamba bendi nyingi zilirekodi katika studio za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ukajulikana kwa jina la bendi. Hata hivyo wapenzi wa muziki walijua vizuri sana wimbo upi ni wa Muhidin Maalim Gurumo na upi ni wa mwingine. Jina la bendi halikufuta jina la mtunzi vichwani mwa watu. Lilifutika baadaye, kwenye vibanda vya kunakili kaseti, mahali ambapo mwenye kibanda aliandika kwa kalamu yake "Mchanganyiko Na. 4" akauza. Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya 1990 tulizinunua kaseti hizo, na wapo kati yetu wanaozijua nyimbo zile neno kwa neno bila kujua hata mtunzi mmoja.

Tena si kweli kwamba wazee wetu hawakuwa na desturi ya kutaja majina. Litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo ni ndugu, vyote vina nyuzi 8. Aliyewahi kuhudhuria nyatiti anajua kitu kiitwacho pakruok: wimbo husimamishwa, mtu akajitaja, akataja ukoo wake na rafiki zake, akajisifu. Mpigaji naye hujitaja ndani ya wimbo wake. Yaani maandishi ya nyuma ya jalada yalikuwa yameimbwa ndani ya wimbo wenyewe! Aliyesikiliza hakuwa na haja ya kuuliza nani katunga. Wimbo ulipohamishwa kutoka uwanjani kwenda kwenye utepe, ukafupishwa kwa dakika tatu, jina lilikatwa pamoja na sifa. Kwa hiyo tukiandika jina la mzee, hatumwigi Mzungu. Tunamrudishia mzee kilichokuwa chake.

Na mfano hatuna haja ya kwenda mbali. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, ambao ulikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime kabla ya Rorya kuwa wilaya mwaka 2007. Alivuka mpaka kwenda Kenya, akawa miongoni mwa majemadari wa muziki wa benga, ambao gitaa lake limefuata vidole vya mpiga nyatiti. Aliiita bendi yake Shirati Jazz. Angaliwa na fahari ya kuweka jina lake peke yake, au angaliweza kujificha nyuma ya jina la bendi. Yeye aliyaweka yote mawili, la mtu na la mahali alikotoka. Mwaka 1989 albamu zake Benga Blast! na Piny Ose Mer zilipotolewa Uingereza, wasikilizaji wa huko walimjua Misiani na wakaijua Shirati. Alifariki katika ajali ya gari huko Kisumu mwaka 2006, lakini jina la kijiji chetu cha ziwani bado limo kwenye maktaba za muziki duniani. Je, angaliandikwa "benga ya asili", nani angaliuliza Shirati iko wapi?

Sheria inasemaje

Nchi yetu ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilichukua nafasi yake, na ikaanzisha Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Kwa sheria hiyo mtunzi ana haki ya malipo, na pia ana haki ya kutambuliwa kwa jina lake. Haki ya malipo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba kijana wetu wa kidato cha tatu, Mungu akimjalia kufika miaka 80, wimbo wake utakuwa na ulinzi kwa zaidi ya karne moja. Hakuna shamba ambalo mtu wa umri wake amewarithisha wajukuu kwa kalamu tu. Kadhalika sheria hiyo inayo sehemu inayolinda sanaa za jadi zilizo mali ya jamii. Kwa hiyo neno "asili" nalo halina maana ya "chukua bure".

Mapendekezo yangu

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikalaumu tu bila kujenga. Ninaomba mkutano uliboreshe pendekezo la kamati kwa mambo matano.

Kwanza, kabla ya kurekodi, wajumbe wawili waende kwa mzee wa litungu na kwa mpiga nyatiti, wakae nao, wawaulize kila wimbo: huu umerithi kwa nani? Umeongeza nini wewe? Kama wimbo ni wa jadi kweli, uandikwe ni wa jadi, na aliyeupanga aandikwe. Kama mzee ameutunga mwenyewe, aandikwe mtunzi.

Pili, nyimbo za kwaya ziandikwe vivyo hivyo. Ule wa kijana wa kidato cha tatu uandikwe jina lake kamili. Mwalimu aliyepanga sauti nne naye aandikwe kwa kazi hiyo, wala asiandikwe kuwa mtunzi.

Tatu, waimbaji na wapigaji wote watajwe, hata kama ni 40. Wino ni wa bei nafuu. Fundi wa mitambo na atakayesimamia kazi studioni watajwe, pamoja na mahali na tarehe.

Nne, pawe na mapatano ya maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, yakisomwa kwa sauti mbele ya wahusika. Yaseme sehemu gani ya mauzo ni ya watunzi na wapigaji, na sehemu gani ni ya maktaba. Mimi naonelea sehemu ya wazee ilipwe kwanza. Akitaka mtu kuichangia maktaba sehemu yake, aichangie baada ya kuipokea mkononi. Mtu hutoa sadaka kitu alichokishika.

Tano, kazi isajiliwe COSOTA, na nakala ya karatasi zote iwekwe katika jalada la shule, ili miaka 30 ijayo asitokee mtu wa kudai wala wa kunyang'anywa.

Yapo matatizo, sikatai. Kazi itachelewa miezi miwili au mitatu. Fedha ya maktaba itapungua. Mjumbe mmoja ameniambia kwa nia njema kabisa kwamba vitabu vinahitajika sasa hivi, na kwamba mzee wala hajalalamika. Namjibu hivi: Solomon Linda naye hakulalamika siku ile aliyopokea shilingi 10, kwa sababu hakujua kilichokuwa kikichukuliwa. Ukimya wa asiyejua si ridhaa. Na maktaba tunayotaka kuijenga ni ya kufundisha vijana nini, kama kitabu cha kwanza cha kuijenga ni jalada lililoficha jina la mwenzao?

Kwenu vijana nina neno moja la mwisho. Ukitunga wimbo, shairi au mchezo wa kuigiza, andika jina lako na tarehe chini yake katika daftari, na daftari ulitunze. Ukisaidiwa na mwenzako, andika na jina lake, tena andika siku hiyohiyo mkiwa bado marafiki. Ukiuimba wimbo wa mtu mwingine, mtaje kabla hujaanza. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini atatunzwaje mtu ambaye hata kwao hawamtaji?

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja hii ipigiwe kura kwa kunyoosha mikono.